Pikipiki ya Kasanga Haijui Baridi

Jumatatu, 24 Juni 1996

Baridi kali. Naandika nimevaa makoti mawili. Moyoni hata hivyo kuna joto.

Mama Cornelia, mnunuzi wa mahindi kutoka Tunduma, anataka wakala mmoja hapa Sumbawanga. Leo ametangaza mbele ya watu kwamba atatupima wawili kwa wiki mbili, kuanzia kesho: mimi na Isdori. Kazi yenyewe nyepesi. Lori lake linaondoka sokoni saa moja kamili asubuhi. Wakala anatakiwa kutangulia kijijini na kutangaza kwamba mnunuzi anakuja, ili lori likifika likute magunia yako barabarani. Lori halisubiri mtu. Mimi nimepewa njia ya Chala: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Isdori amepewa njia ya Mwimbi siku zilizobaki.

Naitaka kazi hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Miaka kumi na moja nimekuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika. Watu walinisalimia "Karani" kutoka ng'ambo ya barabara. Tangu Machi, chama kilipoacha kununua, mimi ni Baba Jenifa tu. Juzi mtoto wa jirani alimwelekeza mgeni kwangu akaniita yule baba wa pale. Iliniuma mpaka jioni.

Isdori alikuwa karani mwenzangu. Yeye ana baiskeli. Mimi nina pikipiki. Shindano limekwisha kabla ya kuanza.

Pikipiki ni ndogo, nyekundu, karibu mpya, kiti bado kina nailoni ya dukani. Nimeipata wiki iliyopita kwa Leonardi, mfanyabiashara wa samaki wa Kasanga, kwa kubadilishana na maksai wangu wawili na mkokoteni. Kule ziwani, saa saba mchana, iliwaka kwa kiki moja. Jasho lilikuwa linanitiririka, Leonardi anacheka, nami nacheka. Tangu niilete huku juu nimeiwasha mchana tu, kuwaonyesha watu.

Mke wangu Kalista hajacheka tangu maksai waondoke. Ameuliza kama mahindi yatatoka shambani kwa miguu yake yenyewe. Nimemjibu kwamba mke wa wakala haulizi mambo kama hayo.

Jumanne, 25 Juni

Niliamka saa kumi na moja. Umande ulikuwa umeganda juu ya kiti, nikaukwangua kwa kijiko. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya kumi ilikohoa, nikashukuru mapema mno. Nilifika kiki sitini na tatu nikaacha kwa sababu ya goti. Majirani walitoka kutazama, kila mmoja na blanketi lake begani. Hakuna aliyenisalimia, waliona sina pumzi ya kuitikia.

Lori likapita. Timoth, dereva, akasimama kwa huruma. Pikipiki ikapandishwa juu, nami nikapanda kuishikilia. Tulipofika kijijini nikasimama juu ya lori nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba lori linakuja. Nilimwamkia mzee mmoja shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema wameshaliona.

Magunia sita tu, katika lori la kubeba mia.

Saa sita mchana, jua limetoka, palepale kijijini: kiki moja, ikawaka. Nilirudi mjini kwa kasi ili Mama Cornelia aone vumbi langu. Sidhani kama alikuwa anaangalia upande huo.

Jumatano, 26 Juni

Mchana nimeipeleka kwa Obed, fundi wa pale kando ya soko. Njiani nikagundua ugonjwa wa pili: pikipiki haitulii. Nikiachia mafuta kidogo tu, inazima. Ilizima mbele ya akina mama wa dagaa. Ilizima mbele ya shule, wanafunzi wakapiga makofi. Ilizima mbele ya padre, akanipa pole.

Obed hakufungua hata skrubu moja. Aliinama, akanionyesha kidude kando ya kabureta, akasema hicho ni choki. Asubuhi ya baridi unakivuta juu ndipo upige kiki. Injini ikipata moto unakirudisha chini. Akaongeza kwamba kuna skrubu ya kuirekebisha itulie bila kuzima, maana ilipangwa kwa hewa ya ziwani na huku kwetu ni juu. Alisema ni kazi ya dakika mbili na hataki hata senti.

Hapo nikajua hajui kitu. Fundi wa kweli hukuna kichwa, hukaa kimya sana, kisha hutaja kifaa kinachopatikana Dar es Salaam peke yake. Nilimshukuru kwa adabu nikaikokota nyumbani.

Jioni Isdori amerudi na habari. Jana aliondoka mchana, akalala kijijini kwa mwenyekiti wa kigango, alfajiri akapita nyumba kwa nyumba. Lori limejaa. Amekuja kwangu kunishauri, kwa ule upole wake unaoudhi. Anasema nami niondoke siku moja kabla, mchana, pikipiki inapowaka vizuri, nikalale hukohuko. Nimemwambia mwenye pikipiki halali ugenini. Kama ni kulala ugenini ningenunua baiskeli.

Alhamisi, 27 Juni

Hoja yangu ilikuwa hii: anayeumwa na baridi hupewa joto. Jana jioni niliiingiza chumbani, nikaifunika blanketi letu la harusi. Kalista alihamia kwa watoto. Alisema pikipiki inanuka petroli na mimi nanuka pikipiki.

Alfajiri, kiki ishirini, kimya. Nikawasha jiko la mkaa nikalisogeza chini ya injini. Kalista akaingia. Akatazama moto, akatazama tangi la petroli, akatazama paa letu la nyasi. Alichukua ndoo ya maji akamwagia jiko, kisha pikipiki, kisha mimi. Maji ya alfajiri ya mwezi wa sita!

Lori tena. Timoth sasa ana kamba maalumu ya kuifungia pikipiki, anasema ni abiria wake wa kudumu. Mama Cornelia ameniuliza, taratibu kabisa, kama pikipiki yangu ingependa kukaa dirishani. Nikacheka. Yeye hakucheka, nikaacha.

Jumamosi, 29 Juni

Nimefanya kazi na Kija. Ni jirani yetu, Msukuma, familia yake ilihamia huku na ng'ombe wengi, na anawapenda ng'ombe hao kuliko watu wengi ninaowafahamu. Jana nilimwomba maksai wawili waivute pikipiki mpaka iwake. Alifikiri kwa muda mrefu. Alisema hajapata kuona, ila kwa ujirani atakubali, mradi ng'ombe wasikasirishwe.

Saa kumi na moja na nusu tulifunga kamba. Maksai wakaanza kutembea. Lakini maksai wanatembea mwendo wa maksai. Nilikaa juu ya pikipiki kwa heshima zote, gia ndani, gurudumu likizunguka polepole, injini haina habari. Kina mama waliokwenda kuchota maji walitupita. Walirudi na ndoo kichwani wakatupita tena.

Kisha lori likaja nyuma. Timoth akapiga honi. Maksai wakaruka, kamba ikakaza, pikipiki ikanguruma, ikawaka! Sasa ni ule mngurumo nyuma yao uliowatia wazimu. Wakakimbia. Nami nikakimbia nao, kwa kuwa nimefungwa. Tulipita shamba la ulezi la Mzee Oswaldi na tukasimama kwenye matuta ya viazi, mimi chini, pikipiki juu yangu, imezima.

Kija alikwenda kwanza kuwapa pole maksai. Alipofika kwangu alisema kwamba katika maisha yake ameona ng'ombe wakiibiwa na wakiliwa na simba, ila hajawahi kuona wakidhalilishwa. Hanisemeshi tena.

Jumapili, 30 Juni

Kalista amepika pombe ya ulezi. Keshokutwa Jumanne majirani wameitwa kumsaidia kubeba mahindi kutoka shambani, kwa kuwa mkokoteni haupo. Ndivyo tufanyavyo Ufipa. Unapika, unaita watu, wanafanya kazi, kisha wanakunywa, na hakuna anayemdai mwenzake.

Padre alikuwa katikati ya mahubiri nilipopata wazo. Kumbe tatizo lilikuwa nguvu chache! Mtu mmoja na maksai wawili hawatoshi. Baada ya misa nilimfuata kila aliyealikwa, mmoja mmoja, nikamwambia kazi imebadilika kidogo. Waje Jumanne saa kumi na moja alfajiri, tena nyumbani, wala wasihangaike kwenda shambani. Wote walikubali haraka. Kusukuma pikipiki ni kwepesi kuliko kubeba gunia.

Kalista nimeona nisimchoshe na habari hizi.

Jumanne, 2 Julai

Walikuja kumi na wanne. Kalista alikuwa ameshatangulia shambani kuwasubiri.

Desturi ni kazi kwanza, pombe baadaye. Lakini walikuwa wanatetemeka, nami nilitaka wasukume kwa moyo mmoja, nikafungua mtungi kabla. Walisukuma kwa wimbo. Pikipiki iliwaka kabla hatujafika kwenye kisima. Hawakuacha. Wimbo ulikuwa umenoga, wakaendelea kuisukuma ikiwa imewaka mpaka njia panda, wengine wakiwa wameishikilia ili wasianguke. Ilibidi niwabembeleze waniachie.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kijijini. Wa kwanza, peke yangu, koti langu la ukarani, miwani ya jua usoni kwa ajili ya upepo. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza.

Ila nisingeweza kuachia mafuta, ingezima. Kwa hiyo sikusimama. Nilizunguka kijiji, resi juu, nikitangaza kwa nguvu zote. Hata mwenyewe sikujisikia kwa ule mngurumo. Mzunguko wa pili nikaona wanaume wanatoka nje, nikafurahi. Mzunguko wa tatu nikaona wanaelekea mashambani, mbio. Mmoja alipitia dirishani. Nikaongeza resi kuwaita warudi, wakazidi kukimbia.

Lori lilipofika lilikuta wanawake na mbuzi. Mama Cornelia akauliza wanaume wako wapi. Bibi mmoja akajibu kwamba kijiji hiki hakina wanaume, wote walikwenda Zambia mwaka juzi. Mama mwenye mtoto wa mwezi mmoja mgongoni akathibitisha.

Ilichukua saa nzima kuelewana. Mtu wa mjini mwenye koti, juu ya pikipiki mpya, alfajiri, anazunguka nyumba za watu: huyo ni mtoza kodi ya kichwa. Nani mwingine angekuwa? Wanaume walirudi saa nane mchana. Wakati huo lori lilikuwa limeshaondoka na gunia moja, la yule bibi, aliyelitoa kwa kunihurumia.

Jumatano, 3 Julai

Kalista hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema alikaa shambani mpaka saa nne akisubiri watu kumi na wanne, na hakuja hata mmoja, na alidhani kuna msiba. Alipofika nyumbani aliwakuta wote uani wanamalizia mtungi. Walimwambia kazi wameshafanya.

Mahindi bado yako shambani. Ameanza kuyabeba mwenyewe, kichwani, yeye na Jenifa. Nimeona aibu. Nilitaka kwenda kusaidia, lakini ilikuwa ni lazima nijiandae kwa ajili ya kesho. Nikiipata kazi hii nitamnunulia mkokoteni mwingine, tena wenye matairi ya gari. Naandika hapa ili nisisahau.

Jioni Isdori amepita na baiskeli akielekea nyumbani. Lori la Mwimbi limejaa tena. Ameniuliza kama goti limepona.

Alhamisi, 4 Julai

Fikra yangu ilikuwa safi kabisa. Tabu ni kuiwasha asubuhi. Isipozimwa haitahitaji kuwashwa. Jana saa kumi jioni, ikiwa na joto lake, niliiwasha, nikafunga mkono wa mafuta kwa mpira wa tyubu ili isizime, nikaiacha inanguruma uani.

Sitaandika majirani walisema nini. Kija alinisemesha tena, ila kwa Kisukuma.

Ilizima yenyewe saa tisa usiku. Mafuta yalikwisha. Asubuhi nilijaza petroli kutoka kwenye dumu, nikapiga kiki arobaini, kimya. Lori likaja.

Leo Timoth hakutoa kamba. Alisema mgongo wake umechoka kuipandisha. Alishuka, akainama, akavuta kile kidude cha kando ya kabureta, akapiga kiki moja. Ikawaka. Akasubiri kidogo, akakirudisha chini. Akatoa bisibisi mfukoni, akazungusha skrubu moja nusu mzunguko. Akaachia mkono wa mafuta. Haikuzima. Ilitulia pale, baridi yote ile, ikiunguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Majirani walikuwa wanatazama. Mama Cornelia alikuwa anatazama kutoka kwenye lori. Obed alikuwa anapita zake kwenda sokoni, naye akasimama akatazama, na wala hakusema chochote, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Nikasema kwa sauti kwamba kumbe ni hicho tu. Nilikwenda kijijini, nikatangaza vizuri, nimesimama, pikipiki inanisubiri pembeni. Hakuna aliyetoka. Waliniona kwa mbali wakanitambua kuwa ni yule mtoza kodi.

Ijumaa, 5 Julai

Mama Cornelia amesema hakuna haja ya kungoja Jumamosi. Isdori ndiye wakala, njia zote mbili. Amelisema hilo sokoni, watu wakampigia makofi, na muuza nyanya alishaanza kumwita Wakala kabla makofi hayajaisha. Nilimpa mkono. Kisha nikaenda nyuma ya ghala nikasimama huko muda. Machozi yalinitoka, na hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Mama Cornelia alinikuta hukohuko. Alisema amesikia kwamba macho yangu hayajawahi kukosea mizani kwa miaka kumi na moja. Lori lake halina karani. Kama nataka, nianze Jumatatu, nikae mbele na Timoth, mizani iwe mkononi mwangu. Nimjibu kabla ya Jumapili jioni.

Karani! Moyo uliruka. Nilitembea mpaka nyumbani bila kuhisi goti. Kalista aliposikia aliweka chini kapu la mahindi, akakaa juu ya kinu, akacheka. Ni mara ya kwanza tangu maksai waondoke. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka hufunika mdomo kwa kanga.

Kisha akaniambia nisisahau kumshukuru Isdori, kwa kuwa ndiye aliyeniombea kazi hiyo kwa Mama Cornelia.

Isdori! Aniombee mimi! Sitalala vizuri kwa kuliwaza hilo.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Leonardi amekuja kutoka Kasanga na gari la samaki. Nilimweleza yote. Alinionea huruma sana, hata akashika shavu. Alisema kule ziwani hawajui hata hicho kidude ni cha nini. Alikuwa tayari kuichukua pikipiki yake tena, asinitese, na kunipa badala yake kitu ambacho hakina kiki, hakina gia, wala hakisukumwi.

Ni friji ya mafuta ya taa. Nyeupe, karibu mpya. Nimeiona kwa macho yangu juu ya gari. Leonardi amesema Kasanga watu wanapigana kwenye foleni kwa soda ya baridi, na chupa haikai nusu saa. Nikamuuliza kama hapa Sumbawanga kuna mtu yeyote mwenye soda ya baridi. Akafikiri, akasema hakuna hata mmoja. Hakuna hata mmoja! Mji mzima!

Nimemtumia Mama Cornelia salamu kwamba nashukuru, ila siwezi kufanya kazi ya kuombewa na Isdori, na kwamba kwa sasa mimi ni mfanyabiashara. Kalista alisoma kikaratasi kabla hakijaondoka. Alivaa viatu, akasema atakipeleka yeye mwenyewe. Amekawia sana kurudi.

Jumatatu, 8 Julai

Kalista ameondoka na lori saa moja kamili. Amekaa mbele na Timoth. Inaonekana alipopeleka kikaratasi changu alimkumbusha Mama Cornelia kwamba kwa miaka kumi na moja aliniletea chakula pale mizani, na kwamba nilipokuwa nakula yeye ndiye aliyekuwa anapima. Ni kweli. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anahesabu hilo. Muuza nyanya amemwita Karani kutoka ng'ambo ya barabara. Nimeitikia kwa makosa.

Friji inafanya kazi vizuri kuliko alivyosema Leonardi. Kufika saa tatu soda zote ishirini na nne zilikuwa baridi kiasi kwamba nilizishika kwa kitambaa. Nimekaa barazani na koti langu na blanketi juu yake. Watu wamepita wengi, mikono kwapani, wametazama, wametikisa kichwa.

Saa tano alikuja mteja wa kwanza, Mzee Oswaldi. Alishika chupa, akairudisha haraka, akaniomba nimpashie moto kidogo. Nikaiweka kwenye sufuria ya maji jikoni. Alikunywa yote, akalipa, akasema imemfaa kifua.

Nimefikiri mchana kutwa. Kumbe hapa hakuna mtu anayeuza soda ya moto, wala hata mmoja, mji mzima. Nitaacha friji izipoze usiku, kisha asubuhi nizipashe. Kesho namtafuta Leonardi. Alisema ana jiko kubwa la mafuta, karibu jipya.